Nembo Imekaa, Mama Amesimama

Kila Alhamisi asubuhi, baada ya printa kuamshwa kwa makofi ya ubavuni, wabunifu wa studio iliyo juu ya duka la viatu walibandika kazi zao ukutani na kukosoana. Sheria ilikuwa moja tu: mwenye kazi hufunga mdomo. Wenzake wakiuliza, hajibu. Wakicheka, hanuni. Kazi ijitetee yenyewe.

Aliyeongoza kikao alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Wote walimwita Mama Nukta, kwa sababu aliipunguza nembo mistari mpaka ikabaki nukta, kisha akauliza hiyo nukta nayo ina kazi gani. Ni haki kutamka hapa, kwa heshima zote, kwamba mkosoaji kama yeye hajazaliwa tena. Hakuwahi kuiita kazi ya mtu mbaya. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha shingo kama kuku anayesikiliza redio, ndipo akatoa hukumu. Nembo nzuri alisema imekaa. Isiyo nzuri alisema haijakaa. Watu wazima wenye ndevu walikwenda kulia chooni kwa sababu ya neno hilo, wakarudi wakimshukuru.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya kijana aliyeitwa Kifutio. Bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na nembo ya hospitali ya wazazi ndiyo kazi yake ya kwanza peke yake. Ikipita, anaajiriwa. Isipopita, anarudi kwa mjomba wake kuchapisha kadi za harusi, na mjomba alitaka maua ya dhahabu kila kona. Kifutio alikuwa amechora mama aliyekaa kitini, amempakata mtoto mchanga, kwa mstari mmoja wa buluu usiokatika. Aliyemfikiria wakati akichora ni dada yake mkubwa, aliyejifungua karibuni na kuhudhuria kliniki kwenye hospitali hiyo hiyo.

"Mstari mtamu," alisema Bwana Herufi, ambaye kwa kawaida haoni kitu kisicho herufi. "Lakini huyo mtoto umemchora au umemmwaga?"

Kifutio akafunga mdomo.

"Na hicho kiti kimenenepa kuliko mama," alisema dada anayeshughulika na rangi.

Kifutio akauma ulimi.

Mama Nukta alisogea, akarudi nyuma, akainamisha shingo. "Haijakaa," alisema.

Mama wa kwenye karatasi akasimama. Alisimama taratibu, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe na mwenyewe ametokea, akamweka mtoto vizuri kifuani, akabaki wima.

"Amekusikia," alisema Bwana Herufi.

"Afadhali," alisema dada wa rangi. "Sasa shingo inaonekana."

Mama Nukta alifuta miwani. "Mwanangu, huyu ulimwona wapi amekaa?"

Sheria ni sheria, Kifutio hakujibu. Ila masikio yalipata moto, maana hakuwa amemwona popote. Kiti alikitoa kichwani mwake.

"Mstari wako hauna kosa," alisema Mama Nukta. "Umemchora unavyomtakia. Nenda kamwangalie alivyo."

Siku ya kliniki Kifutio akamsindikiza dada yake. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya kujitazamia, picha ya mkurugenzi akitabasamu, na akina mama waliosimama kwa foleni iliyoanzia dirisha la kadi, ikazunguka nguzo, ikatoka nje. Kiti kilikuwa kimoja, nacho kilikaliwa na feni.

"Mabenchi yako wapi, dada?"

"Yaliazimwa kwa uzinduzi wa ukumbi wa mikutano. Uzinduzi ulishaisha, yenyewe yakanogewa. Hebu nishikie mtoto, mgongo unawaka. Usimshike kama kompyuta!"

Kifutio alimshika mpaka mikono ikafa ganzi. Hapo ndipo alipojua mstari unapopita: kiunoni, pale mwili unapojipinda ili mtu mwingine apate usingizi.

Alhamisi iliyofuata alibandika mchoro mpya, bila kiti. Mama Nukta aliinamisha shingo hadi wenzake wakaanza kuihurumia.

"Imekaa," alisema.

Wote wakamtazama mama wa kwenye karatasi. Hakukaa.

"Nembo imekaa," alifafanua Bwana Herufi. "Mama amesimama."

Mama Nukta akatangaza kwamba hana mstari wa kupunguza, jambo ambalo studio haikuwahi kulisikia. Kifutio akaomba ruhusa kwenda chooni.

Mkurugenzi wa hospitali alipokuja aliipenda papo hapo. "Safi sana," alisema. "Ila mkalisheni. Sisi tunatoa huduma ya utulivu."

"Amekataa, mheshimiwa," alisema Kifutio, na moyo wake ukashuka hadi dukani kwenye viatu.

Mkurugenzi alishazoea wagonjwa wabishi. Aliinamia karatasi. "Mama, kaa tafadhali."

"Akae wapi?" aliuliza Mama Nukta.

"Si mmchoree kiti?"

Kifutio akachora kiti, tena kizuri, chenye mto. Mama wa kwenye karatasi alikitazama, akaweka juu yake mkoba wa nepi, akaendelea kusimama.

"Basi mwacheni," alisema mkurugenzi. "Anaonekana mchapakazi." Akasaini, na kwa saini hiyo Kifutio akaajiriwa. Kwa kuwa kikao kilikuwa kimekwisha na mdomo ni wake, akasema, "Mheshimiwa, yale mabenchi ya kliniki bado yako ukumbi wa mikutano."

"Eeh!" alisema mkurugenzi kwa furaha. "Yamependeza kule, siyo?"

Nembo ilichorwa ukutani juu ya dirisha la kadi, kubwa kama mlango. Wageni waliisifu sana kwenye hafla ya kuizindua katika ukumbi wa mikutano, wakiwa wameketi kwenye mabenchi. Akina mama nao waliikubali, na dada yake Kifutio, akiwa katikati ya foleni, aliitazama kwa muda mrefu. "Umenipunguza tumbo," alimwambia mdogo wake. "Mungu akuzidishie."

Jua lilipopanda, mama wa ukutani alimhamishia mtoto kwenye bega la pili. Chini yake foleni nzima nayo ikahamisha watoto.