Gauni Jeupe Siku ya Kura

Fundi hakuwa na ugomvi na uchaguzi. Ugomvi wake ulikuwa na wifi yake.

Wawili hao walishona katika banda moja sokoni, cherehani zao zikitazamana. Fundi ndiye aliyemfundisha wifi kukata suruali. Leo wifi anagombea udiwani, picha yake imebandikwa hadi mlango wa choo, na wateja wakiingia wanamsalimia yeye kwanza. Fundi alimwonea wivu.

Mpinzani wa wifi, mwenye maduka, alishasema wazi: akishinda, banda linavunjwa, pajengwe maegesho ya magari. Fundi alilijua hilo. Lakini banda zima si litampigia wifi? Kura yake moja ya nini!

Asubuhi ya kura mafundi wenzake walimpitia. Walimkuta ameinamia gauni la bibi harusi, jeupe pepepe.

"Twende, dada, foleni bado fupi."

"Nikapakwe wino kidoleni, halafu nishike hili? Likiingia doa mtalilipa nyie?"

Wakatazamana. Huyu ana mashati ya shule, yule ana shela. Wino ule hautoki kwa sabuni wala kwa limau.

"Kweli bwana," akasema wa shela. "Kwani wapiga kura ni sisi tu?"

Wakaketi wakashona. Fundi alishinda akiimba.

Mwenye maduka akapita kwa kura chache mno. Waliobaki bandani peke yao wangetosha kumwangusha.

Kesho yake wifi alirudi kazini, macho yamevimba. Akatupia jicho vidole vyao visafi. Akalishika gauni kwa mkono wake uliopakwa wino, akalisifu. Halikuingia doa hata chembe. Wino ulikauka tangu jana, kama unavyokauka kwa kila mtu.

Tingatinga halikukawia. Wifi ndiye aliyewasihi wavunjaji wasubiri mafundi watoe vitu vyao, nao wakamsikiliza. Wateja wakampigia makofi. Fundi alisimama na cherehani yake, hana pa kuipeleka, roho inamuuma upya.

"Mwone," alinong'ona. "Hata kushindwa kumempendeza!"

Wifi akamgeukia. "Wifi, leta yako barazani kwangu. Nafasi ipo."

Alisema mbele ya watu wote. Fundi akajibu "asante", akainua cherehani na kumfuata, akiuchukia kila hatua ule mgongo ulionyooka mbele yake.