Balbu ya Chumbani kwa Mama

Mama yangu mzazi ndiye aliyetupeleka kwa mtendaji wa kijiji. Si jirani, si mshindani wa biashara, mama! Alitaka mashine yetu ya kusaga iondolewe, eti inatikisa nyumba yake ya tembe mpaka udongo wa dari unamdondokea kwenye uji. Kijiji kizima cha Haneti kilinitazama, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mashine ile ndiyo inayotulisha. Mume wangu Cornel alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, na ruksa ya kila mtu kufanya biashara imeshakuja, kiinua mgongo chote alikizamisha pale. Ikiondolewa, tumekwisha.

Kutikisa ilitikisa kweli, mwanzoni. Lakini Cornel aliinyanyua juu ya springi za lori, akafunga sumaku za spika mbovu zipande na kushuka ndani ya waya wa shaba uliosokotwa. Mtikisiko ukawa umeme. Akauvuta hadi chumbani kwa mama, balbu ya pikipiki ikawaka mchana mle ndani ambamo hata kijiko unakipapasa.

"Balbu ikiwaka inaula ule mtikisiko," alinieleza. "Ikitolewa, mashine inacheza ngoma."

Nilitamba, jamani! Nani mwingine amemwekea mkwewe umeme? Ila wiki za karibuni mashine mara itulie, mara iruke, na Cornel hakujua kwa nini.

Bwana Yahaya, mtendaji wetu, alikuja asubuhi, wanawake wamepanga foleni na madebe yao. Cornel akawasha. Loo! Mashine iliruka, bati zikalia, ukuta wa mama ukamwaga udongo.

"Bwana Cornel, hii itahama," alisema Yahaya.

"Mzee, labda balbu..." Cornel akaishia hapo. Chumbani kwa mkwe wake haingii, hata nyumba iungue. Akanitazama mimi.

Nikaingia. Mama alikaa kitandani, amenipa mgongo. Balbu haikuwepo mahali pake. Nikapapasa, nikaikuta chini ya mto.

"Mama! Unaitoa wewe? Unataka tufe njaa? Mume wangu amekukosea nini?"

Uso uliniwaka kwa aibu ya kuzaliwa na mtu wa roho hiyo. Nikaikaza balbu, chumba kikajaa mwanga, na papo hapo mashine ikatulia.

Mama alijivuta upesi hadi kona, akajifunika khanga hadi shingoni. Nikafuata macho yake. Juu ya kitanda kuna kidirisha, tundu tupu, kinatazamana na mlango wa mashine. Foleni nzima ilikuwa inatuona. Cornel naye alikuwa pale, ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake.

"Humu najifuta mwili," mama alisema taratibu. "Humu najipaka dawa ya kiuno. Gizani hawanioni. Taa ikiwaka mkwe wangu ananiona, Yasinta. Nikiitoa, nyumba inaniangukia. Nikaona bora mashine ihame."

"Si ungeniambia, mama?"

"Nilikuambia. Nilikuomba kitambaa cha dirisha. Ukacheka, ukasema kikongwe kama mimi nani atamtazama."

Nilisema hivyo. Tena nilisema mbele ya shoga zangu, nao wakacheka.

Nikavua khanga ya mabegani, nikaitundika dirishani. Ikaanguka, nikaiokota nikaitundika tena.

"Mbona imetulia?" Yahaya aliuliza nje. "Kama ni hivi, basi ibaki. Kulikoni huko, Yasinta?"

"Balbu ilikuwa imelegea!" nikapaza sauti.

Mama akanitazama, macho makavu kabisa.

"Wameshasikia mimi ni mama mbaya," alisema. "Waambie niliitoa mimi. Halafu waambie kwa nini."

Yahaya akaita tena. Nilisimama nyuma ya khanga ile, nikawasikia wanawake wananyamaza wanisikilize, nami nikazidi kuibana dirishani, maana kusema kwa nini ni kusema nilivyomcheka mama.