Usizime Mpaka Kampene

Jérôme, muuza vipuri wa sokoni Kindu, alikuwa na mashine tatu za kusomea magonjwa ya magari, na Didier, fundi wa magari, alizigeuzageuza zote kama mtu anayenunua samaki bila kumwamini muuzaji. Ile ya kuunganisha na simu aliiacha mapema, kwa kuwa haielewani na magari ya zamani. Zikabaki mbili. Zote huchomekwa kwenye tundu lile lile chini ya usukani, na zote zingeweza kusoma gari lililomngoja gerejini, jipu la mwaka tisini na tisa.

“Hii kidogo inakupatia numero ya ugonjwa, basi,” Jérôme alimweleza. “Hii kubwa inachunga na picha ndani yake. Wakati gari ilipata shida, ilikuwa inatembea ao imesimama, motere ilikuwa inazunguka ao ilizimwa. Lakini picha njo picha, haisogei.”

Fundi yeyote mwenye akili timamu angechukua kubwa. Didier alikuwa na akili timamu, na hata hivyo mkono wake ulikwenda kwenye ndogo.

Mwaka 2002, vita vilipouzingira mji na treni ikakoma kuja, kaka yake Florentin alikuwa dereva wa zahanati moja ndogo. Siku moja ya mwezi wa kumi alitakiwa kupeleka dawa Kampene. Demareri, ile mota inayoamsha injini, ilikuwa imekufa, na vipuri havikupatikana hata kwa machozi. Wakalisukuma jipu la zahanati hadi likawaka, na Didier, aliyekuwa na miaka ishirini na mdomo mrefu wa fundi mpya, akamwambia mkubwa wake: usizime mpaka Kampene, ukizima njiani imekwisha. Ndivyo mafundi wote wa Kindu walivyosema siku zile. Lakini madereva nao walikuwa na lao: ukisikia risasi, zima, ingia msituni, kwa sababu injini inayonguruma inamwita kila mwenye bunduki.

Florentin hakufika Kampene wala hakurudi. Tangu hapo Didier hakuwa na swali lingine maishani. Je, alizima? Kama alizima, basi vita ndivyo vilivyomchukua, kama vilivyochukua wengi. Kama hakuzima, alikufa kwa kumtii mdogo wake.

Swali hilo hakumwambia mtu, sembuse Mama Claire, mke wa Florentin. Mama Claire alikuwa amekataa matanga miaka yote hiyo. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemwambia amekufa, na ndugu wakachoka kumbembeleza.

Sasa jipu lilikuwa limerudi. Wachimba dhahabu walilikuta karibu na Kampene limefunikwa na mitambaazi, vioo vimepandishwa, halina ufunguo wala mfupa, na mfanyabiashara mmoja akalileta kwa lori amuuzie Didier vyuma. Didier alilitambua kwa rangi aliyoipaka mwenyewe. Liliwekwa kivulini nyuma ya gereji, tangi kavu, injini imeganda kwa kutu. Kila asubuhi alipoweka kiganja juu ya boneti aliikuta ya moto, akajidanganya kuwa ni jua.

“Chukua ile inasema yote, shemeji,” Mama Claire alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Sauti hiyo ndiyo iliyomshinda pale dukani. Alirudisha ndogo mahali pake na kuondoka na kubwa.

Mchana walikuwa wawili tu gerejini, yeye na Mama Claire. Didier alifunga betri mpya, akaunganisha nyaya mahali pa ufunguo, akachomeka mashine. Moyoni alitumaini haitakuta kitu. Sanduku la kumbukumbu la gari likikaa bila betri hata wiki chache husahau kila kitu, na hili lilikuwa limekaa miaka ishirini na zaidi.

Kioo cha mashine kiliwaka. Ugonjwa: joto limepita kiasi. Mwendo: sifuri. Injini: inazunguka.

Hakuzima, basi. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari wa mwisho, muda tangu injini iwashwe, na mstari huo ulisema saa laki moja na elfu tisini na mbili na kitu. Aligawa kwa ishirini na nne, akagawa kwa siku za mwaka, na hesabu ikamrudisha mwezi wa kumi, 2002.

Mama Claire hakuhitaji hesabu. Aliweka kidole pembeni mwa kioo, pale zilipoandikwa sekunde.

“Hii iko inatembea,” alisema.

Ilikuwa inatembea kweli. Arobaini na moja, arobaini na mbili. Didier alichomoa nyaya za betri, na sekunde zikaendelea vilevile. Hapo akashindwa. Alimweleza Mama Claire yote, demareri, mdomo wake, usizime mpaka Kampene, na alieleza akitazama chini kwa sababu aliona aibu na aliogopa sana.

Mama Claire hakumlaani. Kama angemlaani ingekuwa nafuu.

“Basi angali anangoja,” alisema. “Wewe njo ulimukataza. Wewe njo umwambie.”

Didier aliinama kwenye dirisha la dereva. Kiti kilikuwa kitupu, kimeota ukungu. Mtu mzima, mwenye watoto, alijisikia mjinga na bado akasema.

“Yaya, kaka yangu, zima. Nilikosea. Zima, ukuje nyumbani.”

Sekunde zikasimama kwenye kumi na saba. Ndipo wote wawili wakatambua kwamba tangu jipu lifike kulikuwa na mngurumo mdogo masikioni mwao, wameuzoea hata hawausikii, na sasa umekatika. Kutoka mtaani zilisikika sauti za kuku na za watu wanaopita.

Mama Claire alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa mchangani karibu na gurudumu. Alimwambia Didier aende akawaite ndugu, walete na mikeka ya matanga, kisha akaanza kulia.