Wote Walioingia

Godelieve Verstraete alizipanda ngazi za nyumba ya mwanawe, mjini Ghent, kwa hasira iliyomfanya asahau kupiga kengele. Mkononi alishika kadi aliyokabidhiwa asubuhi ile kwenye mazoezi ya kwaya. "Upone haraka," iliandikwa, na chini yake kulikuwa na sahihi ishirini na mbili.

Habari ya saratani ya titi lake alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa wanawe wawili, Wannes na Annelies. Hata wao hakuwaambia kwa mdomo. Aliiandika katika kabati lake la kumbukumbu, shajara ya mtandaoni iliyohifadhiwa katika seva, kompyuta ambayo Wannes aliiendesha nyumbani kwake mwenyewe ili, kama alivyopenda kusema, siri za familia zisikae mikononi mwa makampuni.

"Lutgart wa sauti ya pili ameyasoma yote!" alisema, akiibamiza kadi mezani. "Hata tarehe ya kukatwa anaijua! Nani amevunja kabati langu?"

Wannes alifungua kompyuta, akatazama, akashusha pumzi. "Hakuna aliyevunja, Mama. Uliwaruhusu mwenyewe. Kwenye orodha ya wanaoweza kusoma ulichagua 'wote walioingia'."

"Naam. Ninyi! Nyumbani kwangu walioingia ni wenye ufunguo."

"Hapa walioingia ni yeyote mwenye akaunti, kwenye seva yoyote, popote duniani."

"Na hiyo 'hadharani' iliyo chini yake?"

"Hiyo ni hata wasio na akaunti."

Lieselot, mke wa Wannes, aliyekuwa akimenya viazi, aliguna. "Kwa hiyo moja ni soko, na nyingine ni soko lenye kiingilio. Hongera, mume wangu."

"Imeelezwa kwenye mwongozo," alisema Wannes.

"Nani aliyeyatia maneno haya katika Kiholanzi chetu?" aliuliza Godelieve.

Wannes alijikuna shingo. "Mimi. Mimi na wenzangu tunaitengeneza programu hii kwa kujitolea, Mama, hatulipwi. Na programu ni huria. Asiyependa kitu anakaribishwa kukirekebisha."

Jibu hilo Wannes na wenzake walimpa kila mlalamikaji, na kwa kawaida mlalamikaji alinyamaza. Godelieve hakunyamaza.

"Sogea."

"Mama..."

"Umenikaribisha. Sogea!"

Aliketi, akaonyeshwa faili la maneno, akafuta yale mawili ya mwanawe na kuandika kwa vidole viwili: "Mtu yeyote duniani mwenye akaunti, hata usiyemjua."

"Hayataenea kwenye kitufe," alisema Wannes.

"Kipanue kitufe. Mimi nimeanikwa juani kama shuka, nawe unanionea huruma kitufe?"

Wannes aliyatuma marekebisho kwa wenzake. Godelieve akarudi kwenye kabati lake na kuchagua "mimi peke yangu".

"Umetutoa hata sisi," alisema Wannes. "Tutajuaje hali yako?"

"Mtaniuliza. Mna midomo." Kisha akamtazama usoni. "Lakini mashine ni yako. Nikifunga hivi, wewe mwenye seva huwezi kusoma?"

Wannes aliigeukia skrini.

"Nimeuliza kwa Kiholanzi, mwanangu."

"Naweza. Ila sisomi."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, Mama."

Lieselot aliacha kisu. "Hilo jibu lirudishe ulikolitoa, Wannes." Akamgeukia mkwewe. "Mama, laptopu yangu ya zamani ipo. Inatosha kabisa kuwa seva yako mwenyewe."

"Kazi yake ni ngumu," Wannes alisema upesi. "Kuna masasisho kila wiki, nakala za akiba, vyeti vya usalama..."

"Nimelea watoto wawili na kumuuguza baba yenu miaka sita. Utanifundisha, nami nitaandika daftarini. Sasa nakili vyangu humo, kisha ufute vilivyo kwako. Na hizo nakala za akiba pia."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Alikataa kiti na kahawa. Alisimama nyuma ya bega la mwanawe, miwani puani, akisoma jina la kila faili lilipokuwa likitoweka. Wannes alipoharakisha, alimwamuru arudi nyuma amwonyeshe tena.