Aliyezima Mtandao

Jiwe la kwanza lilimpata Idrissa kisogoni, naye akaanguka kwa magoti mbele ya ofisi ya mtandao. Bunda la waya wa shaba alilolibeba begani likamponyoka, likabingirika hadi ukingo wa barabara. Yustina aliyaona hayo kupitia dirisha la nondo, vidole vyake vikiwa bado juu ya kibodi.

"Mwizi! Huyu ndiye anayetukatia waya!"

Pale Itigi, mwaka ule wa mgawo mkubwa wa umeme, neno hilo lilitosha kumtoa mtu roho. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kampuni binafsi za simu zilikuja, na nyuma yake wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hawakumuuliza mtu shaba aliyoileta ameitoa wapi. Waya uliotoka ofisini hadi kwenye mnara ulikuwa umekatwa zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho, Pendo, mke wa Antipasi, alikuwa katika zahanati ya Mitundu akivuja damu baada ya kujifungua. Muuguzi alipiga simu kuomba gari, akapiga tena, akapiga mpaka akalia. Simu haikuita popote. Gari lilipofika, lilikuta kazi ya kubeba maiti.

Na sasa Antipasi ndiye aliyekuwa mbele ya kundi lile, rungu mkononi, macho yamemwiva.

Kati ya watu wote waliokuwa mtaani adhuhuri ile, ni yeye na meneja wake tu waliojua kwamba waya haukukatwa. Mtandao aliuzima yeye.

Swichi kubwa, lile sanduku la chuma lililounganisha ofisi, vibanda vya simu na mnara, lilikuwa limeanza kuzimika lenyewe, na watengenezaji walikuwa wametoa programu mpya ya kuliendesha. Yustina, aliyezaliwa Ulemo na kusomea kazi hii Dar es Salaam, alijiandaa kama anayempeleka mtu kwenye upasuaji. Alihifadhi nakala ya programu ya zamani pamoja na mipangilio yake yote. Alihakikisha ile mpya ni ya aina ileile ya swichi. Alifunga betri pembeni, kwa sababu umeme ukikatika wakati swichi inaandikwa programu, hubaki chuma kitupu. Akaanza na swichi ndogo ya mapokezi, akaiangalia mpaka akaridhika, ndipo akaigusa kubwa.

Jambo moja tu hakulifanya. Hakuwatangazia watu.

"Ukiwaambia wateja tunazima, kesho wako kwa washindani wetu," Philipo, meneja, alikuwa amemwambia asubuhi. "Ni kitambo kidogo. Nani atajua?"

Naye hakubisha. Alikuwa amechoka kubishana na Philipo, na kazi yenyewe aliipenda kiasi cha kutaka aachwe aifanye.

Nje rungu lilishuka. Idrissa aliinua mikono kukinga kichwa, na mlio wa mifupa ya vidole ulisikika hadi ndani, mkavu, kama kuni zinazovunjwa gotini. Yustina alimfahamu. Alikuwa mfua vikuku kutoka Unyambwa. Kila siku ya mnada aliwauzia wafugaji vikuku vya shaba alivyovisokota mwenyewe. Waya ule pale chini ulikuwa mnene, mtupu, hauna ganda. Waya wa kampuni ulikuwa mwembamba, umevikwa ganda jeusi. Mtu yeyote angeinama angeona. Hakuna aliyeinama.

"Bosi, wanamuua," alisema.

Philipo alikuwa amejibanza nyuma ya kabati, simu ya mkononi yenye laini ya washindani wao sikioni. "Polisi wanakuja. Wamesema wanakuja." Kisha macho yake yakatua kwenye swichi. "Izime uiwashe! Mtandao ukirudi watamwacha!"

"Haijamaliza kuandika. Ukiizima sasa haitawaka tena."

"Yustina, kuna mtu anakufa pale!"

"Najua!" Alimshika kifundo cha mkono kabla hakijafika kwenye plagi, akakikaza mpaka Philipo akagumia. "Ukiiua hii, mtandao haurudi leo wala kesho. Keti. Usiiguse. Taa ikiwa ya njano, usiiguse. Umenisikia?"

Philipo akaketi sakafuni. "Na wewe unakwenda wapi? Ukifungua huo mlango, watatumaliza sisi."

Kwa muda Yustina alisimama, mkono juu ya komeo. Alikuwa mtu wa taratibu. Yote aliyoyafanya maishani aliyafanya baada ya kupima. Na hata sasa akili yake ilikuwa inapima: polisi watafika, au hawatafika; watu watachoka, au hawatachoka. Kisha akaona kijana mmoja anakuja mbio, anaviringisha tairi kuukuu. Hesabu zote zikamtoka kichwani. Akavuta komeo.

Joto na kelele vilimpiga usoni kwa pamoja. Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Akapenya kati ya miili iliyonuka jasho na vumbi, akasukumwa, kiwiko kikampasua mdomo, akaendelea. Idrissa alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefunikwa na damu, na bado watu walimpiga mateke kwa zamu. Yustina akamwangukia. Rungu lililokuwa limekwisha kuinuliwa likamshukia yeye begani. Mkono wake wa kushoto ukafa ganzi hadi vidoleni.

"Mimi ndiye niliyezima!" alilia. "Waya haujakatwa! Nimezima mimi!"

Antipasi alisimama, rungu hewani. Alihema kama ng'ombe aliyekimbizwa.

"Umesema nini?"

"Mtandao nimeuzima mimi, kaka. Ninabadilisha programu ya mashine. Huyu hajagusa kitu. Tazama waya wake, si wetu."

"Anamtetea bwana wake!" mtu alipaza sauti nyuma. "Wachome wote!"

Jiwe likapita sikioni mwa Yustina, likavunja kioo cha ofisi. Harufu ya petroli ilikuwa imeanza kusikika. Antipasi alimwinamia, akamshika ukosi, akamwinua kwa mkono mmoja.

"Mke wangu alikufa akiita," alisema kwa sauti ya chini, mbaya kuliko makelele yote. "Na wewe unakaa humo ndani unazima tu unavyotaka?"

"Siku ile waya ulikatwa. Leo ni mimi. Njoo uone mwenyewe. Nikikudanganya, nifanye unavyotaka."

Antipasi alimburuta hadi ndani. Philipo alipomwona akajikunyata zaidi. Antipasi akasimama mbele ya sanduku la chuma, damu ya Idrissa ikidondoka kutoka kwenye rungu lake hadi sakafuni. Taa zilikuwa za njano, zinapepesa.

"Ni hiki?" aliuliza. "Kidude hiki?"

Akainua rungu.

Yustina hakuwa na nguvu ya kumzuia. Bega lilikuwa linawaka moto. Alichoweza ni kusema, naye akasema polepole, "Ukikivunja, Mitundu watamwita nani?"

Rungu halikushuka. Wala halikuteremshwa. Wakabaki hivyo, mtu na mashine, huku nje mtu akilia kwa sauti isiyofanana tena na ya binadamu. Yustina alikuwa na hakika kwamba taa haitabadilika, kwamba alikosea mahali fulani, kwamba mpumbavu pekee ndiye anayeweza kuhatarisha uhai wa mtu kwa sababu ya rangi ya taa. Swichi ikazimika ghafla, giza tupu. Philipo akasema, "Mungu wangu." Halafu ikajiwasha yenyewe, ikanguruma kidogo, na taa zikageuka kijani moja baada ya nyingine.

Simu ya mezani ikaita.

Yustina aliipokea kwa mkono mzima, akasikiliza, kisha akamnyoshea Antipasi. Yeye aliitazama kama kitu kinachoweza kuuma, mwishowe akaichukua.

"Haloo, Itigi?" Sauti ya kike ilisikika hadi kwa Yustina. "Hapa zahanati ya Mitundu, Esta nazungumza. Mlikuwa mmepotea. Kuna nini huko?"

Antipasi aliijua sauti ile. Ndiyo iliyompa habari ya kifo cha mkewe, muuguzi mwenyewe akiwa amemshika mkono. Akaiweka simu juu ya meza, bila kuikata, akatoka nje.

"Mwacheni!" Yustina alimsikia akinguruma. "Nimesema mwacheni! Wewe, toa hilo tairi!"

Vikasikika vishindo vya watu wanaotawanyika, wengine wakitembea kwa utaratibu wa kujifanya hawakuwapo. Yustina aliinua simu. "Dada Esta," alisema, "subiri kidogo. Niite kwanza gari la hospitali, kuna majeruhi hapa."

Jioni Yustina alikuwa kwenye benchi la hospitali, upande mmoja, bega limefungwa kitambaa. Polisi walikuwa wamewachukua vijana wawili na kuondoka nao. Philipo alikuwa amekwenda kupiga simu makao makuu, hakurudi. Daktari alikuwa amesema Idrissa ataishi. Kuhusu vidole hakusema kitu, aliguna tu na kurudi ndani.

Antipasi alikuja akiwa amenawa na kubadilisha shati. Alikuwa na chupa ya uji na kikombe cha plastiki. Aliketi mwisho mwingine wa benchi, akaiweka chupa kati ya miguu yake, wala hakumtazama Yustina. Walisikiliza kuhema kwa wagonjwa wodini na mafagio ya wafanyakazi wa usafi.

Muda ukapita. Mlango ukafunguliwa, na nesi akachungulia, akiwa na nguo za Idrissa zilizogandamana kwa damu.

"Ndugu wa huyu wa vidole," aliita. "Ni nani hapa?"

Wote wawili wakasimama.