Mafuta ya Mama Mkwe

Cornelius wa Lubao alikuwa na ugonjwa mmoja tu: pikipiki ya marehemu babake, ile ya kizamani ambayo lazima petroli yake ichanganywe na oili ndipo iende. Vijana wa stejini wenye pikipiki za kisasa aliwadharau waziwazi. Kujaza petroli kila mtu anajua, alikuwa akisema, lakini kuchanganya ni kipaji. Hapo huinua chupa yake juani, akaitikisa, akainusa, utadhani anapima dawa ya mgonjwa.

Jumamosi ya kwenda Shianda kujionyesha kwa mamake Michelle, mchumba wake, oili ikawa imeisha. Madukani hakuna; nani aweke bidhaa ya mteja mmoja? Vijana wakajitolea kumbeba. Abebwe! Afike ukweni nyuma ya mtu kama gunia la viazi? Thubutu. Macho yake yakatua kwenye zawadi ya mama mkwe, mtungi wa mafuta ya kupikia. Mafuta ni mafuta, akajiambia bingwa wetu, akamimina. Akaona hayajatosha, akaongeza.

Pikipiki ikawaka, ikaenda vizuri tu, ila kila ilipopita iliacha harufu ya mandazi. Huko Shianda watu waliacha miwa shambani wakiulizana ni nani anayepika. Majirani wakaifuata harufu hadi kwa mamake Michelle, Mama Kageha, wakaketi, wakangoja sahani. Maskini mama wa watu, alikuwa na kuku mmoja, naye alikuwa akingojea mafuta ya mkwe ndipo amkaange.

Cornelius akamkabidhi mtungi kwa mikono miwili. Mama akautikisa, yaliyobaki yalitosha kupaka kiganja. Akauliza kwa upole ni barabara gani hiyo inayomwaga mafuta na kifuniko kimefungwa. Cornelius akakohoa. Michelle akamnusa shati, akageuka ukutani kucheka.

Kuku akachemshwa. Cornelius akanawa, akakaza tai, akangoja firigisi. Firigisi ni ya mgeni wa heshima. Ukipewa ukweni, jua binti umepewa. Mama Kageha akaiweka kwenye kisahani, akampita Cornelius bila kumtazama, akatoka nje, akakitua juu ya kiti cha pikipiki.

"Karibu, mkwe," akaiambia. "Wewe ndiye uliyekula mafuta yangu."

Majirani walicheka hadi machozi. Cornelius aliletewa obusuma, yaani ugali, na supu, na habari ya Michelle akaambiwa itazungumzwa siku atakayokuja kwa miguu.