Nyimbo za Banda la Manyoya

Merepeka Waitoa alipopata ufadhili wa utafiti kwa wasomi chipukizi wa Kimaori, shangazi yake Wikitōria hakupiga hata kigelegele. Alikuwa jikoni akikanda mkate wa viazi.

"Yaani wanakulipa uje kunisikiliza mimi?" aliuliza. "Mbona miaka yote nilikuimbia bure?"

"Miaka hiyo nilikuwa nalala, Shangazi."

Hakusema uongo. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kila msimu wa kunyoa kondoo alimlaza juu ya marobota ya manyoya, huku wanawake wa kikosi cha wanyoaji wakifagia, wakichambua na kuimba. Nyimbo walizitunga papo hapo: za kumkejeli mwenye shamba, za kumsuta aliyechelewa kuamka, za kumlilia aliyehamia Australia. Hata alipokwisha kuwa daktari wa falsafa, Merepeka kila alipopishana na mtu mwenye sweta linalonuka mafuta ya kondoo, alisimama njiani kama aliyeitwa jina.

Kwenye maombi yake aliahidi kununua vinasa sauti vya maana, kukaa na shangazi, kuzikusanya nyimbo zote na kutoa kitabu. Jopo lilifurahi. Shangazi naye, alipowekewa kinasa sauti mbele yake, aliimba ubeti mmoja akakwama.

"Hapa Hūria ndiye hudakia," alisema. "Halafu Ngāwini anamjibu, tena kwa matusi. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu."

Hūria na Ngāwini, wenzake wa kikosi kile, walikuwa Perth, Australia, walikowafuata watoto wao zamani. Merepeka akampigia Tīpene, ofisa wa mfuko uliomfadhili, kuomba fedha za vifaa zigeuzwe nauli za ndege.

"Dakta, uliandika vifaa," Tīpene alisema. "Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba vifaa vyako vina pasipoti?"

Shangazi akaipokonya simu. "Wewe kijana, kwenu wapi?"

Tīpene, kama ilivyo desturi ya Kimaori, akataja mto wao na mlima wao.

"Ahaa! Kwa hiyo wewe ni mjukuu wa Erana, yule mwenye vicheko? Tulinyoa naye kondoo msimu mzima. Alikuwa mvivu huyo! Lakini sauti alikuwa nayo, na imo kwenye nyimbo hizi. Unataka ipotee?"

Tīpene akacheka, kicheko kirefu cha kwao. "Mwambie aniandikie barua, Nyanya. Nitaipeleka mwenyewe kwenye kikao."

Kikao kikakubali.

Wazee wale walifika majira ya joto. Kilima cha malisho kilikuwa kimepandwa misonobari, na banda lao la kunyolea limejaa matairi na nyasi kavu. Hūria alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Tulikuwa vijana humu," alisema.

Ngāwini ndiye aliyeshika ufagio. "Sikai kwenye uchafu wa panya mimi." Wenzake wakamfuata. Fagio zikaanza kukwaruza mbao, moja, mbili, kisha zote kwa pamoja, na Merepeka akawahi kuwasha kinasa sauti kabla Wikitōria hajaanza. Hūria akadakia. Ngāwini akajibu, kwa matusi kweli. Waliimba hadi jasho likawatoka, wakasimama kunywa chai, wakaendelea.

Alasiri Hūria alianzisha wimbo ambao Merepeka hakuujua, wa msichana anayemcheka mchumba wake kwa kuogopa kondoo dume.

"Huu nani kautunga?" aliuliza.

Wakatazamana. "Mama yako," shangazi alisema. "Na huyo mwoga ndiye baba yako. Zima hicho kidude kwanza."

"Shangazi, niliahidi zote."

"Uliwaahidi wao. Huu ni wa nyumbani. Ukiutaka, ujifunze kwa mdomo wako."

Merepeka akazima. Wakamrudisha mwanzo mara kadhaa, wakimcheka kila alipokosea, naye akiimba na kulia kwa pamoja, kwa sababu maneno yalikuwa na utani wa mama ambaye yeye alimjua kwa picha tu.

Kwenye ripoti aliandika wazi kwamba baadhi ya nyimbo zimebaki kwa wenyewe. Jopo halikumwongezea ufadhili wa mwaka wa pili. Kitabu kilitoka chembamba. Ngāwini, aliyekwisha kurudi Perth, alipopokea nakala yake alisema kinafanana na sabuni ya hotelini, kisha akaagiza nyingine za wajukuu.

Hūria yeye hakurudi tena ng'ambo. Alihamia chumba cha nyuma kwa Wikitōria. Siku hizi Merepeka, akiwa chuoni mjini, hupigiwa simu katikati ya kazi, akasikia wawili wale wakigombania ubeti upi unatangulia.

"Mwambie huyu!" Hūria hufoka.

"Aniambie mimi nini?" shangazi hudakia. "Mere, mwanangu, sikiliza."

Naye hufunga mlango wa ofisi, akasikiliza.